Chafya, mafua na kifua kubana ndani ya nyumba: kuchunguza kiyoyozi, feni na hita, dalili kwa dalili

Mtu anayepiga chafya akiwa ndani na kupata nafuu akitoka nje ameshakupa nusu ya jibu. Nusu nyingine iko kwenye saa na mahali. Kwa hiyo kabla hujamwita fundi, chukua daftari na kwa siku 7 andika mambo matatu: dalili zimeanza saa ngapi, chumba gani, na mashine gani ilikuwa inawaka. Ongeza kipima unyevu kidogo cha dijitali. Kiweke usawa wa kitanda, mbali na mdomo wa kiyoyozi, ukisome asubuhi na jioni.

Kifaa hicho kina kazi kubwa Uganda kuliko kipima joto. Kampala haina joto la kutisha, ila ina unyevu. Asubuhi za msimu wa mvua, Machi hadi Mei na tena Septemba hadi Novemba, unyevu wa hewa hupita asilimia 80 bila shida. Utitiri wa vumbi, wadudu wadogo wasioonekana kwa macho wanaoishi ndani ya godoro na kula magamba ya ngozi yetu, hawanywi maji. Wanayafyonza kutoka hewani. Unyevu ukikaa chini ya asilimia 50 kwa wiki kadhaa wanakauka na kufa. Koga nayo huanza kuota mahali palipobaki pabichi kwa siku moja au mbili tu. Lengo linalowezekana katika nyumba ya kawaida ni kubaki chini ya asilimia 60. Mashine inayopoza bila kukausha, au inayopuliza tu kilichomo chumbani, itaongeza tatizo hata kama hewa yake ni tamu.

Chafya zinaanza dakika chache baada ya kuwasha kiyoyozi

Hapa chanzo kiko ndani ya mashine yenyewe. Kiyoyozi cha ukutani hakileti hewa ya nje, kinazungusha ile ile ya chumbani. Kila kilichokwama ndani yake kinarushwa usoni pako pale feni inapoanza.

Anza na chujio. Zima mashine kwenye swichi yake ya ukutani, si kwa rimoti peke yake. Fungua kifuniko cha mbele, inua machujio mawili kidogo, vuta chini. Yapeleke nje. Yapige maji kutoka upande wa nyuma, ule uliokuwa unatazama koili (mirija yenye mapezi membamba inayopoza hewa), ili vumbi litoke lilikoingilia. Ukiyapiga kwa mbele unalisukumiza ndani ya matundu. Tumia maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, kisha yaanike kivulini, maana jua kali hupinda fremu na chujio lililopinda huacha upenyo pembeni. Kila wiki 2 panatosha kwa chumba cha kawaida. Ukilinyanyua kuelekea dirishani na usione mwanga, umechelewa.

Chujio safi halimalizi kazi, na hapa ndipo wengi hukwama. Ule wavu hushika nyuzi na manyoya tu. Vumbi jembamba hupita, linakutana na koili iliyolowa, kisha linagandamana kwenye feni ya ndani, ile ndefu ya mviringo mithili ya mti wa kusukumia chapati, yenye mapezi madogo mengi. Fungua mdomo wa hewa, washa tochi, chungulia katikati ya vibao. Mapezi yakiwa yameota kitu kama manyoya ya kijivu au yana madoa meusi, hiyo ndiyo inayokupigisha chafya, na hakuna chujio litakalokuokoa.

Kazi hii ni ya fundi, lakini ujue cha kudai. Afunge mfuko wa plastiki chini ya mashine na bomba lake liingie kwenye ndoo. Afunike bodi ya umeme, ambayo mara nyingi iko upande wa kulia. Atumie pampu ya shinikizo dogo, kwa sababu ile mashine ya kuoshea magari hulaza mapezi ya koili na hewa isipite tena. Aoshe koili na feni kwa sabuni isiyo kali mpaka maji yanayotoka yawe meupe. Mwambie mapema kwamba utataka kuiona ndoo. Maji ya kwanza hutoka meusi kama ya kuoshea sufuria ya makaa. Yakitoka masafi tangu mwanzo, feni haijaguswa. Kazi ya namna hiyo huchukua saa nzima au zaidi. Fundi aliyemaliza kwa dakika kumi ameosha chujio, basi.

Usikubali klorini kwenye koili, inakula alumini. Na usikubali kupuliziwa manukato ndani ya mashine: kwa mwenye pumu, manukato yenyewe ni kichokozi.

Harufu ya kitambaa kibichi, au maji yanatiririka ukutani

Maji yanayotolewa hewani hudondokea kwenye sinia chini ya koili, kisha hutoka nje kwa bomba jembamba. Yakisimama, utelezi huota kwenye sinia na koga hufuata. Harufu ile ya soksi ni utelezi huo.

Jaribu hivi. Zima umeme, toa machujio, mwaga nusu lita ya maji polepole sehemu ya chini ya koili. Mtu mwingine asimame nje kwenye mdomo wa bomba. Maji yanatakiwa kuanza kutoka ndani ya dakika moja, na karibu yote yatoke. Yakija kwa matone, tafuta kati ya sababu hizi:

- Bomba halina mteremko. Linahitaji kushuka angalau sentimita 1 kwa kila mita, bila kupanda popote na bila tumbo la kushikilia maji.
- Mdomo wa bomba umezama ndani ya jerikeni. Tunayakinga maji haya kwa ajili ya kupigia deki, na si vibaya, lakini maji yakipanda na kuufunika mdomo, hewa iliyo ndani ya bomba haina pa kutokea na maji hurudi nyuma hadi kwenye sinia. Acha mdomo sentimita 5 juu ya kiwango cha jerikeni iliyojaa.
- Nyigu wamejenga udongo ndani ya mdomo. Huonekana sana mashine ikikaa miezi bila kuwashwa.
- Mashine imefungwa ikiwa imeinamia upande usio na bomba. Weka pima maji juu yake uone.

Kuzibua, vuta uchafu kwa mashine ya kufyonza vumbi na maji ukiwa upande wa nje. Ukipuliza kutoka nje, tope lote linarudi kwenye sinia na kurukia koili. Baada ya hapo mimina kikombe cha siki kwenye tundu la sinia, subiri nusu saa, suuza kwa lita 1 ya maji. Siki na klorini visikutane kamwe: hutoa gesi inayochoma mapafu.

Ukishasafisha, kausha. Unapotoka chumbani, badala ya kuzima moja kwa moja, weka mashine kwenye hali ya feni pekee kwa dakika 20 hadi 30 na uache mlango wazi. Koili iliyozimwa ikiwa imelowa hubaki gizani na unyevu wake, na koga haihitaji zaidi ya hapo.

Chumba ni baridi, lakini hewa nzito na shuka zina unyevunyevu

Kosa hili hununuliwa dukani. Chumba cha mita 3.5 kwa 4 chenye dari kinatosheka na mashine ya BTU 9,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza). Kama paa ni bati na dari ni nyembamba, 12,000. Watu hufunga 18,000 au 24,000 wakidhani kubwa ndiyo bora. Mashine kubwa hushusha joto kwa dakika nne tano, kompresa (pampu inayosukuma gesi ya kupozea) inazima, na maji yaliyokuwa yameanza kukusanyika kwenye koili yanapulizwa tena chumbani na feni inayoendelea kuzunguka. Hewa imepoa lakini maji yake ni yale yale, na kwa kuwa hewa baridi hubeba maji machache kuliko ya moto, kipimo cha unyevu kinapanda badala ya kushuka. Utitiri utakushukuru.

Pima: soma unyevu kabla ya kuwasha, halafu tena baada ya saa moja. Ukiona joto limefika nyuzi 23 na unyevu umekwama kwenye 70, basi mashine ni kubwa mno au hewa ya nje inaingia kwa wingi. Kabla ya kufikiria kununua nyingine, tumia hali ya kukausha, ile yenye alama ya tone la maji kwenye rimoti. Punguza kasi ya feni ili hewa ikae kwenye koili muda mrefu zaidi, na weka nyuzi 24 au 25. Ukifika wakati wa kubadilisha, chukua ya inveta yenye ukubwa unaolingana na chumba. Hiyo hupunguza mwendo badala ya kuzima na kuwaka.

Kuhusu vile vipoza hewa vya kujazwa maji: kazi yavyo ni kuongeza unyevu. Moroto au Kotido wakati wa kiangazi, madirisha yakiwa wazi, vinafaa. Kampala, Masaka au Entebbe, usiviweke chumbani kwa mtu mwenye mzio.

Barafu kwenye koili

Chujio lililoziba au feni iliyochafuka hupunguza hewa, koili inaganda, kisha barafu ikiyeyuka maji yanafurika na kulowesha ukuta. Ndiyo maana barafu leo huwa koga kesho. Osha kwanza. Ikiendelea, huenda gesi imepungua. Fundi akikwambia, "Ssebo (bwana), gesi imeisha, tuongeze," muulize imevujia wapi. Gesi ya kiyoyozi si kama ya jikoni, haitumiki ikaisha; inazunguka ndani ya mirija iliyofungwa. Ikipungua kuna tundu, nalo litafutwe na kuzibwa kabla ya kujaza.

Pua imeziba ukiamka, mchana huna shida

Sasa kiache kiyoyozi. Tatizo ni kitanda, na pengine feni iliyo juu yake.

Kinacholeta mzio si utitiri wenyewe kwa kiasi kikubwa, ni kinyesi chake. Kuua peke yake hakutoshi. Lazima kinyesi kioshwe kitoke. Shuka na foronya zioshwe kila wiki kwa maji ya nyuzi 60. Asiye na mashine ya kufulia anaweza kupata joto hilo kwa sufuria. Kwa mwinuko wa Kampala, kama mita 1,200, maji huchemka karibu na nyuzi 96. Changanya sufuria 2 za maji yaliyochemka na 1 ya maji ya bomba: yanaanza karibu nyuzi 70, beseni na nguo vinachukua joto, yanatulia karibu na 60. Loweka nusu saa na sabuni, funika, na watoto wakae mbali na beseni. Jua peke yake hukausha, lakini kinyesi kinabaki ndani ya kitambaa. Blanketi lisilohimili maji ya moto liweke kwenye friza siku nzima au mbili likiwa ndani ya mfuko, kisha lifue kwa maji ya kawaida. Godoro na mito vivalishwe vifuniko vya kitambaa kilichofumwa kwa kubana, chenye zipu pande zote.

Halafu kuna neti. Ni kitu kinachosahaulika karibu kila nyumba. Inaning'inia usiku na mchana, inakusanya vumbi kwa miezi, na kila usiku feni inaitikisa juu ya uso wa aliyelala. Iguse kwa vidole juu kabisa, pale inapokutana na kamba, uone rangi ya vidole. Lakini neti yenye dawa haioshwi ovyo: isizidi mara moja kila miezi 3, kwa maji baridi na sabuni ya mche, bila klorini, na ianikwe kivulini kwa sababu jua huharibu dawa. Kati ya hapo itoe nje kila wiki, ikung'ute. Usiiondoe kitandani kwa sababu ya chafya. Malaria ni hatari kubwa kuliko mafua.

Mapanga ya feni: zima, panda kwenye stuli imara, vika foronya kuukuu kwenye panga moja, bana juu na chini, vuta kuja kwako. Vumbi lote linabaki ndani ya foronya badala ya kumwagika kitandani. Kila wiki 2, na wakati wa kiangazi kila wiki.

Kiangazi: chujio linajaa ndani ya wiki moja

Vumbi jekundu la barabara za murram, kuanzia Desemba hadi Februari, na kaskazini hadi Machi, halipiti mlangoni tu. Tazama juu ya madirisha yako: nyumba nyingi zina matundu ya kudumu ya kupitisha hewa. Kwenye chumba chenye kiyoyozi, matundu hayo huingiza vumbi na unyevu kwa saa 24, nacho kiyoyozi kinapigana nayo bila kushinda. Tengeneza fremu nyepesi ya mbao yenye wavu mzito au kitambaa chembamba, iwe ya kutoa na kuosha. Katika chumba kinachowashwa sigiri, gesi au taa ya mafuta, matundu yasizibwe kwa sababu yoyote.

Acha kufagia kwa ufagio mkavu. Piga deki. Vumbi lililofagiwa huelea, feni inalichukua, na jioni unalikuta kwenye mto. Mashine ya nje nayo inyanyuliwe angalau sentimita 30 kutoka ardhini, na koili yake ioshwe kwa maji ya mpira yasiyo na nguvu, umeme ukiwa umezimwa.

Kando ya Ziwa Victoria kuna vumbi la aina nyingine. Wadudu wa ziwani wanaokuja kama moshi Entebbe au Jinja hufuata taa usiku, asubuhi wako chini wamekufa, na miili yao ikikauka na kusagika huwa kizio chenyewe, yaani kitu kinacholeta mzio. Zima taa ya nje iliyo karibu na mashine, ondoa mizoga ikiwa bado mibichi kwa kitambaa chenye maji, na ukague chujio siku hiyo hiyo.

Nyumba za baridi: koga nyuma ya kabati, macho yanawasha usiku

Kabale iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na usiku huko hakuna anayetafuta kiyoyozi. Watu wawili waliolala na madirisha yamefungwa hutoa nusu lita ya maji au zaidi kwa pumzi na jasho mpaka alfajiri. Maji hayo hugandia ukuta wenye ubaridi kuliko wote, ule wa nje, nyuma ya kabati ambako hewa haizunguki. Sogeza kabati sentimita 10 kutoka ukutani, fungua madirisha mawili yanayotazamana kwa dakika 15 kila asubuhi, na usianike nguo chumbani.

Hita ya gesi isiyo na bomba la kutolea moshi huongeza tatizo: kila kilo 1 ya gesi inayoungua hutoa takriban lita 1.6 za maji kama mvuke. Hita ya umeme haitoi maji. Ile ya umeme yenye mafuta yaliyofungwa ndani na mapezi kama bomba nene hairushi vumbi kama ile ya feni. Ipanguse kwa kitambaa kibichi kabla ya kuiwasha mara ya kwanza msimu wa baridi, kisha iwashe nje kwa dakika 10 ili harufu ya vumbi linaloungua iishie huko.

Sigiri isilale ndani. Moshi wake huchokoza mapafu, lakini kinachoua ni hewa ya sumu, kaboni monoksaidi, isiyo na harufu na isiyopigisha mtu chafya hata moja. Watu wote chumbani wakiumwa kichwa kwa pamoja, wakisikia kichefuchefu na usingizi mzito, toka nje mara moja, kisha muwahishane hospitali.

Koga isiyozidi mita 1 ya mraba unaweza kuitoa mwenyewe: barakoa, glavu, madirisha wazi, sabuni na brashi, kisha klorini sehemu 1 kwa maji 10. Kuipaka rangi juu ni kuificha kwa msimu mmoja.

Umesafisha vyote na bado

Tafuta mende. Kinyesi na magamba yao ni kizio kikali, hasa kwa watoto wenye pumu, na hupenda joto la nyuma ya friji na hata ndani ya kasha la bodi ya kiyoyozi. Tumia dawa ya jeli kwenye mianya; ya kupuliza itamchokoza mgonjwa zaidi.

Mashine ya kusafisha hewa inasaidia kwa koga inayoelea, moshi na vumbi jembamba. Haisaidii sana kwa kinyesi cha utitiri, ambacho ni kizito na hutua chini muda mfupi baada ya kurushwa. Ukinunua, piga hesabu: chumba cha mita 3 kwa 4 chenye kimo cha 2.7 ni mita za ujazo 32. Kuzungusha hewa yote mara 5 kwa saa kunahitaji mashine ya mita za ujazo 160 kwa saa. Chujio liwe la HEPA halisi, linaloshika asilimia 99.97 ya chembe za mikroni 0.3, na usichukue inayotoa ozoni, gesi inayochokoza mapafu.

Kifua kinapobana, pumzi inapiga filimbi au mgonjwa anaamka usiku kwa kikohozi, hiyo inaweza kuwa pumu, na inahitaji daktari, si fundi. Nenda na daftari lako la siku 7. Daktari ataona saa na vyumba, na hilo litamsaidia kuamua ni vipimo gani vya mzio vya kuanza navyo.